Masharubu ya Mwalimu

Simu ya shule haijui kuchagua wakati. Ile ya siku hiyo ilimkuta Mama Chiriku amesimama nyuma ya mteja, vidole vimejaa nywele, kichwa nusu kimesukwa na nusu bado kimesimama kama kimepata habari mbaya. Aliibana simu kati ya sikio na bega, akasema "Haloo" kwa sauti yake ya kukaribishia wateja, kisha sauti ikamwishia.

Alikuwa mwalimu mkuu. Alianza na salamu ndefu, na mtu wa shule akianza na salamu ndefu ujue kuna jambo. Chiriku hajibu darasani. Akiulizwa swali anatazama dirishani, au anacheka, au anajibu kitu ambacho hakuna aliyemuuliza. Darasa la pili alikuwa miongoni mwa wale wanaopigiwa makofi. Sasa yuko darasa la tatu na anashika mkia. Mwalimu wake anasema ni kiburi. Wengine wanasema labda kichwa ndicho kimegota.

"Tunafikiria kumrudisha darasa la pili, mama. Lakini kabla ya hapo tumezungumza na ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa wao atapita kwenu kesho asubuhi, aone mtoto anaishi vipi."

"Anaishi vizuri," alisema Mama Chiriku.

"Sina shaka. Atapita tu aone."

Simu ilikatika. Mama Chiriku alirudi kwenye nywele, lakini mikono ilikuwa imesahau ilipoishia, akaanza kufumua msuko ambao haukuwa na kosa lolote.

"Ustawi?" aliuliza mteja, maana mteja wa saluni husikia simu ya watu vizuri kuliko mwenye simu. "Jamani, pole. Hao ndio wanaochukua watoto."

"Wanachukua watoto wa nani?"

"Wa watu! Kuna mmoja nilisikia, jirani wa binamu yangu. Walikuja, wakatazama nyumba, wakaondoka na mtoto na begi lake. Na wewe dada, nisikufiche, unalea mtoto saluni. Umbea kutwa, wanaume wanaingia kunyoa ndevu, mtoto yuko hapo hapo katikati. Wakiona hivyo wataandika nini?"

Mama Chiriku aliinua macho akakitazama chumba chake kama mtu anayekiona mara ya kwanza. Kilikuwa kirefu, kinatazama barabara. Kulia kulikuwa na kiti cha mume wake, kinyozi. Kushoto kiti chake yeye, msusi. Mbele ya viti vyote viwili, karibu ukuta mzima, kilitandaa kioo kimoja walichokinunua mwaka waliooana, kabla hata ya kitanda. Nyuma ya pazia la maua ndiko walikolala na kupika. Mashine ya kunyolea ikinguruma upande huu na kikaushio cha nywele kikivuma upande ule, na redio ikiwa juu ya kabati ikishindana navyo vyote, hakuna aliyemsikia mwenzake. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na adabu yake: ukitaka kusema na mtu, ulimtafuta kwenye kioo, ukapanua mdomo, ukasema. Watu walikuwa wanaketi bega kwa bega wakiongea asubuhi nzima bila kugeukiana hata mara moja.

Chiriku alikulia hapo, kwenye kigoda kati ya viti viwili, uso kwenye kioo. Jina lake halisi lilijulikana shuleni tu. Nyumbani alikuwa Chiriku kwa sababu ya mdomo. Mtoto yule aliongea tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba, na ukitaka kumuuliza jambo ilibidi upange foleni.

&nbsp;

Kinyozi aliposikia habari ile alicheka, na mkewe akamchukia kwa dakika nzima.

"Wamchukue," alisema. "Watamrudisha kabla ya chakula cha mchana. Ni ofisi gani ya serikali itauweza mdomo ule?"

"Baba Chiriku, mimi sitanii."

"Najua hutanii. Ndiyo maana natania mimi."

Lakini na yeye roho ilikuwa juu. Ilionekana kwa jinsi alivyokuwa anafagia mahali alipokwisha kufagia. Wakakubaliana kwamba kesho saluni isiwepo. Afisa akiingia aikute sebule, na sebuleni akute familia. Mabango ya mitindo yalishushwa. Mikasi, vitana na chupa za dawa vilisukumwa chini ya kitanda. Viti viwili vya kazi vilifunikwa vitambaa vikawa kama makochi, kwa mtu asiyetazama sana. Kilichobaki ni kioo. Fundi wa kuchomea vyuma wa jirani aliitwa, na wanaume wawili wakakibeba kioo kile kwa kuhema na kuelekezana vibaya, wakakiegemeza nyuma ya pazia, uso ukutani. Mahali kilipokuwa pakabaki peupe, pakubwa, na Mama Chiriku akapatundikia kitambaa cha meza.

Jioni, akimwogesha Chiriku, alimshika kidevu akamtazama usoni.

"Kwa nini humjibu mwalimu wako?"

"Mwalimu Sharubu?" Chiriku aliruka kama aliyekuwa akisubiri jina hilo tu. "Mama, leo chai iliingia kwenye masharubu yake! Akawa hajui. Ikawa inadondoka, tone, tone, kwenye daftari la mtu, na yule mtu akawa anasogeza daftari, na mwalimu akawa anasogea nalo..."

Mama Chiriku alitaka kukaza uso, akashindwa, akacheka. Hadithi ya chai ilizaa hadithi ya chaki, ya chaki ikazaa ya mbuzi aliyeingia darasani, na swali likapotea humo kama yalivyopotea maswali mengi kabla yake.

Kutoka nje ya pazia kinyozi alisema kwa hamu, "Yale masharubu! Mimi nayaota. Kila siku anapita hapo nje na mzigo ule mdomoni, haingii. Nani anamnyoa yule mtu?"

"Baba Chiriku, tuna shida hapa."

"Nasema tu."

&nbsp;

Afisa wa ustawi alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vilivyotembea sana. Mtaani walimwita Mama Ustawi, na alilijibu jina hilo bila kinyongo. Alikaa kwenye kiti cha kinyozi kilichojifanya kochi, kiti kikazunguka, akajikuta anatazama mlango. Alijirudisha kwa mguu.

Aibu ya kwanza ilikuwa hiyo. Ya pili ilikuwa kichwa cha Chiriku. Katika kuhangaika na nyumba, Mama Chiriku alikuwa amefumua nywele za mwanawe na hakumaliza kuzisuka, na mtoto wa msusi hawezi kuonekana na ofisi kichwa kikiwa vile. Kwa hiyo mgeni alimkuta mama ameketi anasuka, Chiriku yuko kwenye kigoda kati ya magoti yake, uso kwenye kile kitambaa cha meza, mgongo kwa watu wote.

"Hujambo, binti?" alisema Mama Ustawi.

Chiriku alikitazama kitambaa.

"Hajambo," alidakia kinyozi. "Hajambo kabisa."

"Unasoma darasa la ngapi?"

Kimya. Mtoto ambaye nyumba nzima ilikuwa inamwomba anyamaze walau watu wapate kula, leo alikuwa jiwe. Mama Chiriku alihisi jasho likimtoka chini ya blauzi yake nzuri.

"Chiriku. Mkubwa anakuuliza."

Alimgusa bega. Mtoto alishtuka, akageuza kichwa nusu, akakuta nyuso tatu zimemkodolea macho, akatabasamu kwa woga.

"Unapenda shule?" aliuliza tena Mama Ustawi, wakati huo Chiriku ameshageuzwa kichwa kwa ajili ya msuko.

"Ndiyo, tulikula jana," alisema Chiriku.

Kinyozi alicheka peke yake, kicheko kikafia njiani. Mama Chiriku aliona mbele yake begi dogo la mtoto na mlango ukifungwa. Hakujua hasira yake ni ya nani. Alivuta nywele kwa nguvu kidogo, Chiriku akasema "Aa, mama!" na hiyo ikawa aibu ya tatu.

Mama Ustawi hakuandika kitu. Alikuwa anatazama pale ukutani, pembeni ya kitambaa, ambapo weupe ulichungulia.

"Hapa palikuwa na nini?"

Kinyozi alikivuta kitambaa kiufunike weupe ule.

"Nauliza kwa sababu mimi hupita njia hii. Palikuwa na saluni hapa. Saluni nzuri tu. Nilikuwa najiambia nikipata nafasi nije nisuke."

Kinyozi alijikuna shingo. "Mama, tuseme ukweli. Saluni iko chini ya kitanda. Kioo kiko nyuma ya pazia. Tuliambiwa nyinyi hamtaki."

"Mliambiwa na nani?"

"Na jirani wa binamu ya mteja," alisema Mama Chiriku, na aliposikia maneno yale yakitoka kinywani mwake mwenyewe aliona haya.

Mama Ustawi alicheka mpaka kiti kikazunguka tena. Akavua viatu. "Haya. Kirudisheni. Nitashika kona."

Wakakibeba wote watatu, afisa wa serikali akiwa peku, akitoa amri zaidi ya alivyobeba. Kioo kikapanda mahali pake. Na hapo kwenye kigoda Chiriku alijinyoosha kama mtu aliyewashiwa taa.

"Kumbe una pengo!" alimwambia Mama Ustawi kwenye kioo. "Mimi pia nilikuwa nalo, lakini langu limeota."

"Unasoma darasa la ngapi?" Mama Ustawi aliuliza pole pole, akimtazama kwenye kioo.

"La tatu. Lakini wanataka kunirudisha. Mimi sitaki, rafiki yangu atabaki—"

Hakumaliza. Mama Ustawi alikuwa ameinua kitambaa cha meza akajifunika mdomo, akauliza jambo lingine kwa sauti ile ile. Chiriku alisubiri. Alitazama kitambaa, akatazama macho ya mgeni, akatabasamu lile tabasamu la woga.

Mama Chiriku aliliona tabasamu hilo. Alikuwa amelijua miaka. Alikuwa analiita aibu, deko, na siku nyingine ukorofi. Alisimama nyuma ya mwanawe, akamtafuta kwenye kioo, akapanua mdomo kama anavyofanya kila siku, ila mara hii bila kutoa sauti hata chembe.

*Nani amemaliza sukari?*

"Sio mimi!" alifoka Chiriku. "Ni baba! Nilimwona!"

Kinyozi hakujitetea. Mama Chiriku alipiga magoti pale kwenye nywele zilizoanguka, akamkumbatia mtoto kwa nyuma, akalia kwa sauti, na Chiriku, ambaye alikuwa ameshamwona kwenye kioo, akawa anampangusa uso kwa kiganja huku akimwambia kwamba sukari itanunuliwa nyingine.

&nbsp;

Zahanati ilikuwa mwendo mfupi, na Mama Ustawi alikwenda nao mwenyewe. Muuguzi alimpima Chiriku akiwa amesimama nyuma yake. Alinong'ona, akaita, akapiga kijiti kwenye chuma. Kisha alichungulia masikio yote mawili kwa kurunzi yake ndogo na akakaa chini.

"La kushoto limetoboka ngozi ya ndani. La kulia limejaa maji maji. Anasikia kama mtu aliye chini ya maji."

"Yalitoka usaha zamani," alisema Mama Chiriku. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Akiwa mdogo. Nikatia mafuta ya uvuguvugu, ukakauka. Nikajua yamekwisha." "Mimi ndiye niliyemharibu."

"Hukumharibu. Ila usitie tena kitu." Muuguzi alizima kurunzi. "Na kama ni kutafuta wa kulaumiwa, anza na mimi. Mwanzo wa mwaka nilipima shule nzima. Huyu alikaa mbele yangu hivi, uso kwa uso. Nikanong'ona 'paka', akasema paka. Nikampitisha. Nilipima macho yake nikadhani napima masikio."

Kulikuwa na dawa za kuanza nazo siku hiyo hiyo, na daktari wa masikio katika hospitali kubwa, ambaye foleni yake ilikwenda mpaka muhula mwingine. Huenda angehitaji kupasuliwa kidogo, huenda kifaa cha sikioni. Kwa sasa, alisema muuguzi, mtoto huyu anasikia kwa macho, kwa hiyo mtu akisema naye ahakikishe anaonekana. Mama Ustawi aliitoa simu yake pale pale akampigia mwalimu mkuu: akae mbele, mwalimu asiongee akiwa ameugeukia ubao, na baada ya wiki wakutane wote, watu wa shule, wa zahanati na wa nyumbani, meza moja.

Wiki ile Mama Chiriku alisuka akiimba. Aliona mambo yamekwisha.

&nbsp;

Hayakuwa yamekwisha. Ofisini kwa mwalimu mkuu walibanana kwenye benchi: Mama Ustawi, muuguzi, kinyozi aliyevaa shati la harusi yake, Mama Chiriku na Chiriku mapajani mwake. Mwalimu wa darasa la tatu alisimama, kwa sababu viti vilikwisha. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa macho, na chini ya pua yake palikuwa na masharubu ambayo si ya kuhadithiwa. Yalikuwa mazito, meusi, yameshuka yakafunika mdomo wa juu na sehemu kubwa ya wa chini, na sauti yake nzito ilitoka humo kama mtu anayeongea nyuma ya blanketi. Kinyozi aliyatazama kwa mapenzi.

"Kwanza nataka kumwomba radhi mtoto huyu," alisema mwalimu. "Nilisema ana kiburi. Sikujua. Lakini lazima niseme ukweli. Nimemweka mbele. Namgeukia. Napaza sauti mpaka darasa la jirani wanajibu maswali yangu. Yeye bado."

"Siku mwalimu alipokuwa na ruhusa nilifundisha mimi," alisema mwalimu mkuu, "akanijibu kila kitu. Mpaka nikamwomba awaachie wenzake."

Watu walitazamana. Muuguzi alikunja uso. Mama Ustawi alichuchumaa mbele ya Chiriku, uso kwa uso.

"Mimi unanielewa?"

"Ndiyo."

"Mwalimu mkuu je?"

"Ndiyo."

"Na mwalimu wako?"

Chiriku alimtazama mwalimu wake kwa muda mrefu, kwa huruma, kama mtu anayeombwa aseme ugonjwa wa mwenzake hadharani.

"Mwalimu hana mdomo," alisema.

"Chiriku!"

"Hana, mama. Ana masharubu tu. Yanacheza cheza lakini hayasemi kitu."

Kinyozi ndiye aliyeharibu. Alicheka, kicheko cha kutua mzigo, akapiga paja lake. "Hilo nalo ni la kuitia mkutano? Mwalimu, pita kwangu leo leo. Dakika tano! Na bure! Mimi mwenyewe mdomo huo natamani kuuona!"

Mwalimu hakucheka. Aliinua mkono akayafunika masharubu yake kwa kiganja, taratibu, kama anayelinda kitu kisipigwe na upepo.

"Kuna mambo mtu hanyoi," alisema. Akaomba radhi kwa mwalimu mkuu, akatoka, na wakamsikia akitembea kwenye korido mpaka darasani.

Mama Chiriku alitamani ardhi impasukie. Mwalimu mkuu alipanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Siwezi kumlazimisha mtu juu ya uso wake," alisema. "Mwalimu wa darasa la pili mdomo wake uko wazi. Mtoto akirudi kule atasoma. Pengine ndiyo njia nyepesi."

"Nyepesi kwa nani?" Mama Chiriku alijisikia anasema. Hakuwa mtu wa kujibizana na walimu. Ofisi zilimtisha tangu utoto. "Mwalimu, mimi kazi yangu ni nywele. Nazijua. Sijawahi kuona nywele zikimrudisha mtoto darasa."

Mama Ustawi aliomba wasubiri mpaka Jumatatu, na mwalimu mkuu akakubali bila matumaini.

Njiani kurudi Chiriku hakuongea. Tangu siku ya zahanati alikuwa amepunguza maneno, kwa sababu hakuhitaji tena kuyatanguliza ili watu wasimuulize. Sasa alikuwa anatazama midomo ya watu waziwazi, bila kuficha. Walipofika karibu na nyumbani alimvuta mama yake sketi.

"Mama. Nikirudi darasa la pili, nitakaa na wale watoto wadogo?"

Mama Chiriku alimwambia watakwenda kununua sukari.

Usiku, kabla ya kulala, alimwambia mumewe maneno machache tu. "Umemwaibisha mtu mzima mbele ya mwanafunzi wake."

"Nilikuwa natania."

"Mikono yako ina adabu kuliko mdomo wako. Siku nyingine ongea nayo."

Kinyozi alijigeuza ukutani. Hakutania tena wiki ile, hata wateja wakauliza kama kuna msiba.

&nbsp;

Jumapili asubuhi, mlango ukiwa umefungwa, mtu alibisha. Mama Chiriku alifungua akamkuta mwalimu, amevaa suti ya kanisani au ya kazini, maana huenda alikuwa nayo moja.

"Mumeo yupo?"

Kinyozi alitokea nyuma ya pazia na fulana, akajipangusa mikono isiyokuwa na kitu. "Mwalimu. Kwa lile la juzi, nisamehe. Nilikosa adabu."

"Si wewe wa kwanza." Mwalimu aliingia, akatazama mlango. "Naomba ufungwe."

Ukafungwa. Alikaa kwenye kiti cha kinyozi, akajitazama kwenye kile kioo kirefu, na alianza kusema bila kumtazama mtu.

"Nilizaliwa na mdomo wa sungura. Mnaujua? Umepasuka hapa mpaka puani. Madaktari waliokuja kunishona walinikuta mkubwa, nasoma darasa la tatu. Na walishona haraka haraka, tulikuwa wengi siku ile. Shule nzima iliniita Sungura. Nilikaa mwaka mzima sijibu swali, nimejifunika na daftari." Aliyagusa masharubu yake. "Mwalimu wangu alikuwa anasema nina kiburi."

Mama Chiriku alikuwa amesimama na taulo mkononi. Hakujua alilichukua saa ngapi.

"Nilipoota ndevu nilimshukuru Mungu," mwalimu aliendelea. "Hata mke wangu hajawahi kuuona vizuri. Asubuhi hii nilimwambia ninakokwenda. Akaniuliza kama atanitambua nikirudi."

Kinyozi, kwa mara ya kwanza tangu mkewe amfahamu, hakuwa na mzaha. Alimfunga mwalimu kitambaa shingoni, akakilaza vizuri mabegani. Akauliza chini chini, "Nipunguze, au nitoe yote?"

"Ukipunguza, ataona mdomo?"

Kinyozi alichukua kitana, akayainua masharubu kidogo, akapima. Kwenye kioo alimtazama mkewe. Mama Chiriku alitamani kusema ndiyo, ataona, inatosha. Alimfikiria Chiriku kati ya watoto wadogo. Alitikisa kichwa.

"Hataona vizuri, mwalimu," alisema kinyozi.

"Basi toa."

Mkasi ulitangulia. Vishungi vyeusi vilianguka kwenye kitambaa, na mwalimu akafumba macho. Mama Chiriku alileta taulo la moto, akalikamua, akaliweka usoni kwake kwa mikono miwili, akaliacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, ili mtu apumue. Kisha povu, kisha wembe mpya. Kinyozi alinyoa kwa mikono iliyokuwa na adabu zote za dunia, akizunguka lile kovu milimita kwa milimita. Lilikuwa jeupe, limepinda, limeuvuta mdomo wa juu upande mmoja. Si kubwa. Ila mtu aliyelibeba alikuwa amelibeba tangu utoto, na Mama Chiriku alilazimika kutazama pembeni asije akalia mbele ya mteja.

Hakuona pazia likifunguka. Alipogeuka Chiriku alikuwa ameshaketi kwenye kigoda chake, na shati la kulalia, uso kwenye kioo.

Kinyozi alimpangusa mwalimu povu la mwisho, akasogea nyuma. "Tayari, mwalimu."

Mwalimu alifumbua macho. Alijiona. Alimwona na Chiriku akimtazama, macho yote, bila kupepesa. Mkono wake ulipanda wenyewe, kama ulivyozoea zamani, ukafunika mdomo. Alisema jambo humo ndani ya kiganja.

Chiriku alisubiri kidogo. Kisha akaegemea mbele kwenye kigoda.

"Toa mkono, mwalimu," alisema. "Sikusikii."

Mwalimu akautoa mkono.